Likizo Inayopumzisha Kichwa: Mwongozo Kamili, Kuanzia Fomu Hadi Siku ya Kurudi Kazini

Mara ya kwanza nilipokwenda likizo kwa pesa yangu mwenyewe nilikwenda Nungwi, kaskazini mwa Unguja, siku tano. Nililipia chumba chenye dirisha linalotazama bahari. Siku ya pili asubuhi, chai haijapoa, simu ikaita: ofisini wanatafuta faili la malipo ya wazabuni. Nikafungua kompyuta pale pale mezani, pembeni ya chapati na sahani ya tikiti maji, na sikuifunga hadi saa sita mchana. Siku ya tatu ikawa vilevile. Niliporudi Dar, walioona picha zangu kwenye stetasi wakanipokea kwa vicheko: "Umekula bata wewe!" Nikacheka nao. Jumatatu ile nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya ofisi dakika ishirini nzima, miguu haitaki kushuka.

Miaka michache baadaye nikaenda Lushoto, milimani huko Tanga, siku nne, kwa basi, nikalala nyumba ya wageni ambayo maji ya moto huletwa kwa ndoo. Gharama yake haikufika robo ya ile ya Nungwi, na nilirudi mwepesi. Nungwi haina kosa. Nimekwenda tena tangu hapo na nimefurahi. Tatizo lilikuwa kwamba Nungwi nilisafiri na ofisi. Safari ya Lushoto, kazi niliiacha ofisini.

Mimi ni mhasibu, si daktari. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa kusoma na kwa kukosea, na nimeyapanga kwa mtu mwenye mwajiri, familia, na mfuko usio na maajabu.

Kwanza, safari hufanya nini kichwani

Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 1,530 wa Uholanzi, ambao 974 kati yao walisafiri likizo. Waliosafiri walikuwa na furaha kuliko wasiosafiri, lakini kabla ya kuondoka. Waliporudi, wengi wao walikuwa sawa tu na waliobaki nyumbani. Waliobaki na faida kidogo ni wale waliosema likizo yao ilikuwa tulivu sana. Jessica de Bloom na wenzake, nao huko huko Uholanzi, waliwafuatilia wafanyakazi 54 waliokuwa likizo ya wastani wa siku 23. Hali zao zilipanda haraka, zikafika kilele mnamo siku ya nane, na ndani ya wiki ya kwanza ya kurudi kazini zilikuwa zimeshuka pale zilipoanzia.

Ukiwa mhasibu, hesabu hiyo unaisoma haraka. Sehemu kubwa ya raha huja katika kungoja, na inayobaki haiwekwi akiba. Kwa hiyo anayejinyima miaka mitatu ili ale bata mwezi mzima mara moja anafanya biashara mbaya.

Kuna na jambo la tatu. Mwaka 2007 Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz waliainisha mambo manne yanayomrudishia mfanyakazi nguvu: kuiondoa kazi mawazoni, kutulia mwili na akili, kujifunza kitu hadi ukakiweza, na kuwa na mamlaka juu ya muda wako. Bahari haimo katika orodha hiyo, wala ndege. Yashike mambo hayo manne, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinayatumikia.

Hatua ya 1: Jua umechoka na nini

Kabla ya kutazama picha za hoteli, chukua karatasi uandike ni kitu gani hasa kinakumaliza. Mwalimu wa darasa la watoto tisini amechoka na kelele, na ukimpeleka kwenye harusi tatu mfululizo umemhamisha darasa tu. Anayefanya kazi peke yake mbele ya kompyuta anahitaji watu na vicheko. Mlinzi wa usiku anahitaji usingizi kabla ya kitu kingine chochote. Shemeji yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, na kwake likizo ni kukaa barazani amevaa msuli, asione usukani. Mke wake naye amekaa nyumbani mwaka mzima na anataka kusafiri. Waligombana kila likizo mpaka walipokubaliana kwamba mke atasafiri na dada yake, halafu wiki ya pili wote watakuwa barazani. Watu waliwasema sana, lakini sijaona ndoa iliyotulia kama ile.

Hapo hapo tenganisha uchovu na ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyopitishwa mwaka 2019, linauhesabu uchovu uliopitiliza wa kazi kuwa jambo la kikazi, si ugonjwa. Sonona ni ugonjwa. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na huzuni au umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, usingizi na chakula vimeharibika, au mawazo ya kufa yanakujia, usikate tiketi. Nenda hospitali. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, Dodoma iko Mirembe, Nairobi iko Mathari, na pa kuanzia panaweza kuwa hospitali yoyote iliyo karibu nawe. Safari haitibu sonona. Wakati mwingine huizidisha, maana inakuweka mbali na watu wanaokujua, mahali ambapo kila mtu anaonekana ana furaha isipokuwa wewe.

Ukiwa tayari unatumia dawa za akili, usiziache kwa sababu uko likizo. Beba za kutosha siku zote pamoja na siku chache za ziada, na uzitie kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye buti la basi. Ndugu walio ng'ambo wanaokuja nyumbani na dawa ya kuzuia malaria wamwambie daktari historia yao yote: meflokwini inajulikana kuleta jinamizi, wasiwasi na huzuni, na haifai kwa aliyewahi kuugua sonona. Dawa nyingine zipo.

Hatua ya 2: Gawa siku zako

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo, sikukuu zinazoangukia humo zikiwa zimehesabiwa. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa siku zisizopungua 21 za kazi, na inaruhusu zigawanywe kwa makubaliano, mradi kipande kimoja kiwe na wiki mbili za kazi zisizokatizwa, isipokuwa mkataba umesema vingine. Sheria ya Tanzania inataja siku mfululizo, ila maofisi mengi hukubali kugawa ukiomba mapema.

Mimi ninagawa hivi: kipande kimoja cha siku kumi au kumi na mbili, maana siku ya nane ile haifikiwi kwa wikiendi, na vipande viwili vitatu vya siku nne nne nikiviunganisha na sikukuu. Andika tarehe Januari. Anayengoja "mambo yapoe kidogo" hufika Desemba na siku 28 zote mkononi, kisha bosi anamwambia timu nzima imeomba wiki hiyo hiyo.

Na kama wewe ni katika wale wanaojisifu kwamba hawajachukua likizo miaka mitano: mwaka 2000 Brooks Gump na Karen Matthews walichapisha matokeo ya wanaume wa Marekani waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo, waliofuatiliwa miaka tisa. Waliokuwa wakienda likizo kila mwaka walikufa kwa uchache zaidi. Haithibitishi kwamba likizo ndiyo iliyowaokoa, kwa kuwa mwenye afya na pesa ndiye husafiri zaidi, na watafiti walijaribu kulihesabia hilo. Mimi imenitosha kuacha kujisifu.

Hatua ya 3: Anza kibubu, na raha ianze nacho

Likizo ya mkopo ni msongo wa mawazo uliofungwa kwenye begi. Piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, zawadi, na fungu la dharura. Gawanya kwa miezi iliyobaki. Kiasi kikikutisha, punguza siku au badilisha mahali, usiongeze deni.

Andika jina la mahali juu ya kibubu. Kama raha nyingi iko katika kungoja, basi kila noti unayotumbukiza ni kipande cha likizo. Waulize waliokwenda, tafuta ramani, mpe mtoto kazi ya kuchagua siti ya dirishani. Safari ya kushtukiza inayopendwa sana mitandaoni inakunyang'anya haya yote.

Treni ya SGR kutoka Dar hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, imebadilisha kabisa hesabu hizi kwa watu wa Dar. Milima ya Uluguru, ambayo zamani ilikuwa ni asubuhi nzima ya basi na foleni ya Kibaha, sasa ni chini ya saa mbili.

Hatua ya 4: Kabidhi ofisi, halafu ujizime data

Hapa ndipo likizo nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wiki mbili kabla, andika karatasi moja ya makabidhiano. Moja, si kitabu. Iwe na kazi zinazoendelea na zilipofikia, mambo yatakayoiva ukiwa haupo pamoja na tarehe zake, mafaili yanakokaa, na jina la anayekaimu kila jambo. Nywila za mfumo zikabidhiwe kwa utaratibu wa ofisi, zisibaki kichwani mwako. Mimi nilipigiwa simu Nungwi kwa sababu faili lile nilikuwa nimelihifadhi kwenye folda niliyoipa jina la "Mpya mpya 2". Kosa lilikuwa langu, si la aliyepiga.

Kaa na kaimu wako nusu saa, mwache afanye kazi yako moja mbele yako huku wewe umekunja mikono. Utagundua vitu vitatu ambavyo karatasi haikuvisema.

Kisha mwambie bosi maneno kamili, kwa adabu: "Bosi, kuanzia Jumatatu nitakuwa likizo hadi tarehe 19. Dada Neema anakaimu. Likitokea la dharura kabisa, nipigiwe simu ya kawaida jioni saa kumi na moja." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye dawa. Hujakataa, umetoa saa. Watu wengi wakishajua kuna saa maalumu ya kumsumbua mtu, hugundua kwamba jambo lenyewe linaweza kusubiri. Katika likizo yangu ya Lushoto simu ilipigwa mara moja kwa siku nne, kuniuliza funguo za kabati la vikombe.

Vijana wa mjini humwita mtu anayejifanya hajui kitu kuwa amejizima data. Likizo fanya kwa maana zote mbili. Jitoe kwa muda, au nyamazisha, makundi ya kazi ya WhatsApp. Nunua bando dogo la kuongea na mama, usinunue la mwezi. Na kama huwezi kabisa kuacha kuchungulia barua pepe, ukubali udhaifu wako na uupangie dakika kumi kwa siku, umesimama, saa ile ile kila siku. Kuchungulia mara arobaini ukiwa kitandani ndiko kunakofanya kazi isitoke kichwani.

Kuhusu picha: piga, zisambaze ukisharudi. Ukirusha stetasi unaanza kuhesabu nani ameona, na kuna ndugu mmoja lazima ataandika, "Kumbe pesa ipo."

Hatua ya 5: Siku mbili za kwanza usizidai chochote

Kuna watu huugua siku wanayoanza likizo. Kichwa kinagonga, mafua yanaingia, hasira bila sababu. Mwanasaikolojia Ad Vingerhoets wa Uholanzi ameandika kuhusu watu wa namna hii. Hali hiyo huwapata zaidi wenye kazi nyingi na wanaoshindwa kuiacha kazi moyoni. Usidhani umerogwa wala usidhani umechagua mahali pabaya.

Ukiweza, siku ya kwanza ya likizo usisafiri. Lala, fua, panga begi mchana kweupe. Anayetoka ofisini Ijumaa saa kumi na mbili na kupanda basi alfajiri huanza likizo na deni la usingizi, na siku ya pili ndiyo siku ya ugomvi na mwenzi wake. Kwa anayetoka Marekani au Kanada kuja huku, saa za mwili huhitaji kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti. Anayetoka Oman au London tofauti yake ni ya saa chache tu, asisingizie.

Hatua ya 6: Ukiwa huko

Katika ile safari ya Lushoto, basi la Arusha liliniacha Mombo, nikapanda gari dogo la kupandisha mlima. Barabara inajikunja pembeni ya mto, na kila kona masikio yanaziba kidogo. Asubuhi ya pili nilitembea hadi Irente. Kulikuwa na ukungu mzito, sikuona hata jabali nililolikalia. Mama mmoja akapita na tenga la karoti kichwani, akanisalimu "Onga makeo," akaendelea bila kuniuliza natafuta nini. Nikangoja. Ilipofika kama saa tatu ukungu ulianza kupasuka kutoka chini, si juu nilikodhani, na tambarare ya Wamaasai ikatokea kipande kipande. Barabara niliyokuja nayo ilikuwa uzi, na malori yake punje za mchele. Niliangalia saa. Nilikuwa nimekaa pale saa nzima na dakika kumi bila kuwaza ofisi hata mara moja. Nilijua kwa sababu nilipokumbuka kwamba sijaiwaza, ndipo nikaiwaza.

Kuna utafiti wa Gregory Bratman na wenzake wa Stanford, mwaka 2015, uliowatembeza watu dakika 90, wengine penye nyasi na miti, wengine kando ya barabara ya magari mengi. Waliotembea penye miti walirudi na mawazo ya kujitafuna yamepungua. Waliotembea barabarani hawakubadilika. Kwa hiyo weka saa moja na nusu ya kutembea kila siku, mahali pasipo injini. Pia ulale, ule vizuri, na ujifunze kitu kimoja kipya: kuogelea, kupika pweza, kusalimia kwa lugha ya wenyeji. Kitu kimoja tu. Ratiba yenye vivutio sita kwa siku mbili ni ofisi nyingine yenye jua.

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alionyesha kwamba tunakumbuka jambo kwa kilele chake na kwa mwisho wake, urefu wake hatuuhesabu sana. Basi kitu kizuri kuliko vyote kipange kuelekea mwisho, siku moja kabla ya kuondoka. Na usiokoe elfu kumi kwenye nauli ya kurudi ukakaa siti ya nyuma kabisa kwa muda wa saa tisa.

Ukisafiri na wenzako, mkubaliane mapema mambo matatu: pesa inatoka mfuko gani, saa ya kuamka, na kila mtu apate nusu siku peke yake. Yaliyobaki yatajipa.

Hatua ya 7: Kwenda nyumbani Desemba

Kwa wengi wetu likizo ni kwenda nyumbani. Hata mtumishi wa umma wa Tanzania anapolipwa nauli ya likizo, ni nauli ya kwao. Katikati ya Desemba stendi ya Mbezi hujaa, nauli za Moshi zinapanda, na watani wetu wanatuambia Wachaga tunakwenda kuhesabiwa. Wakenya wanaita ushago, na foleni yao ni ile ile.

Safari hii ina faida ambazo hoteli haina. Unasimama kwenye kaburi la baba. Watoto wanajua bibi yao ananukiaje. Unaitwa jina lako la utotoni. Ila tusidanganyane kwamba ni mapumziko. Ukichukua yale mambo manne ya Sonnentag na Fritz niliyoyataja mwanzoni, mamlaka juu ya muda wako yanaishia getini.

Usiku wa Krismasi mmoja, saa tano, niliingia jikoni kwetu Marangu kuchukua maji. Nilimkuta wifi yangu, mke wa kaka, amekaa kwenye kigoda na sufuria kubwa ya mtori kati ya magoti, anakwangua ukoko kwa kijiko. Nje wanaume wanacheka, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Yeye ni muuguzi Arusha. Hakunyanyua kichwa. "Wifi," akasema, "natamani zamu ya usiku." Alikuwa amesafiri, amelipa nauli ya watu wanne, na alikuwa amefanya kazi siku nne bila kukaa. Mimi, mtoto wa nyumbani, nilikuwa nimelala mchana.

Mwaka uliofuata tulibadilisha, na haya ndiyo yaliyofanya kazi.

Mama aliambiwa tarehe ya kuondoka kabla ya tarehe ya kufika: "Mama, tutakuwa nawe tarehe 22 hadi 28." Alinuna siku moja.

Kazi za jikoni ziliandikwa zamu, na zamu hazikuangalia suruali wala kanga. Kaka yangu alimenya ndizi za mtori mara ya kwanza maishani, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu hadi Januari; anaonyesha mpaka leo kama jeraha la vita. Tulimlipa binti wa jirani kwa vyombo, kwa bei ya haki.

Pesa za kutoa tuliziweka kwenye bahasha kabla ya kutoka Dar: ya mama, ya kanisa, ya wagonjwa, ya watoto, na moja ya yasiyojulikana. Ya mwisho ikiisha, jibu limeshaandaliwa: "Mjomba, mwaka huu mkono wangu umeishia hapa. Mungu akijalia nitakukumbuka." Ugumu uko mara ya kwanza kulisema. Asiyepanga huishia kutoa nauli yake ya kurudi, halafu Januari nzima anamchukia mjomba.

Maswali nayo yapangie majibu, maana yanajulikana. Utaolewa lini, mtoto wa pili yuko wapi, mbona umenenepa, mbona umekonda. Mimi shangazi akiniuliza la kuolewa humwambia bei ya mahari imepanda, nangoja ishuke. Anacheka, tunasonga mbele. Likiwa swali linalogusa kidonda cha kweli, kama mimba iliyoharibika, mtume mama au dada mkubwa aseme na watu kabla hujafika.

Mambo ya shamba na urithi yasizungumzwe tarehe 24 wala 25. Itisheni kikao siku yake, mchana, kabla ya mbege.

Na kila asubuhi chukua saa moja yako. Mimi hufuata mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, kupanda juu, hadi maji yanapotoka kwenye mto mkubwa, na kurudi. Mwanzoni watu waliuliza kama nina shida gani. Sasa wanasema, "Anakwenda kuangalia maji."

Baada ya yote haya, bakiza siku tatu za likizo usizitumie nyumbani.

Asiye na nauli

Hatua nyingi hapo juu hazidai tiketi. Mwaka 2019 Mathew White na wenzake walichapisha utafiti wa watu karibu 20,000 wa Uingereza: waliopata angalau dakika 120 kwa wiki penye miti, bustani au ufukwe walieleza kuwa na afya na hali njema kuliko wasiopata, na haikujalisha kama ni kwa mara moja au kwa vipande. Dakika 120 ni Jumamosi moja asubuhi Coco Beach kabla ya muziki kuanza, au msitu wa Pugu kule Kisarawe, au Karura kwa watu wa Nairobi.

Likizo ya nyumbani ina adui mmoja: nyumba. Ukikaa tu, siku ya tatu utakuwa unapaka rangi ukuta na kupanga nyaraka. Weka siku mbili za kazi za nyumba, ziandike, zikiisha zimeisha. Zilizobaki ondoka nyumbani kila asubuhi saa ile ile uliyokuwa ukienda kazini, uelekee upande mwingine.

Hatua ya 8: Kurudi

Usirudi Jumapili usiku. Fika Jumatatu, anza kazi Jumatano. Wiki ya kwanza itakuwa na siku tatu tu, na hiyo peke yake inapunguza ule mshtuko wa maegesho.

Siku ya kwanza usianze na barua pepe. Anza na kaimu wako, dakika kumi na tano: nini kimeungua, nini kinaungua, nini kimezimika chenyewe. Utashangaa kundi la tatu lilivyo kubwa. Mletee zawadi. Barua pepe zisome kuanzia ya mwisho kurudi nyuma, kwa sababu nyingi zimeshajibiwa na zilizofuata. Mkutano mzito uhamishie wiki inayofuata.

Kuna huzuni ya kurudi, na ni ya kawaida. Kwa wengi haimalizi wiki. Ikipitisha wiki mbili, rudi hatua ya kwanza. Ikiwa kila likizo unarudi na kifua kinabana mlangoni pa ofisi ile ile, hapo la kuchunguza ni kazi yenyewe, na hakuna ufukwe utakaolitatua.

Siku hiyo hiyo ya Jumatano, kabla ya chakula cha mchana, toa kalenda uandike safari inayofuata, hata kama ni ya siku mbili. Kibubu changu cha sasa kimeandikwa "Kolo, Aprili", kwenye ile michoro ya mapangoni ya Kondoa iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006. Nauli ya treni hadi Dodoma imeshatimia. Bado ya basi la kutoka Dodoma, na bado sijaamua kama nimwambie wifi tuende wote.